Reli Tupu Si Dhambi: Vifaa vya Kuongeza Kwenye Bunduki ya Bulpapu

Mliozoea kuja hapa kusoma malalamiko yangu kuhusu hifadhidata na seva zinazolala saa nane usiku, leo mtanivumilia. Nataka kuzungumzia bunduki. Naam, bunduki! Lakini msikimbie, maana nitaizungumzia kama mwanaprogramu, na nina hakika kabla hatujafika nusu mtaona tunaongelea mambo yale yale ya kila siku: viwango, violesura, utegemezi, na tabia ya binadamu ya kuongeza kitu kwa sababu tu kuna nafasi ya kukiongeza.

Chanzo cha haya yote ni shemeji yangu. Anaishi Texas miaka mingi sasa, ni raia wa kule, na wikendi zake hugawanyika kati ya kanisa, nyama choma na kuwinda nguruwe mwitu kwenye shamba la jirani yake. (Nguruwe hao ni balaa kwa wakulima wa Texas. Tangu Septemba 2019 huhitaji hata leseni ya uwindaji kuwaua, mradi mwenye shamba amekuruhusu.) Alinunua bunduki aina ya Tavor X95, kisha akanitumia lahajedwali yenye vifaa kumi na vinne anavyotaka kuifunga. Nilipojumlisha bei, nikakuta vifaa vinakaribia kuizidi bunduki yenyewe. Swali lake lilikuwa fupi: "Shem, wewe ni mtu wa mashine, kipi kwanza?"

Jibu langu: vinne tu. Vingine vyote vifute. Makala hii ni utetezi wa jibu hilo.

Kwanza kwa wale wasiojua bulpapu ni kitu gani. Kwenye bunduki ya kawaida, chemba na magazini huwa mbele ya triga, na nyuma yake kuna kitako ambacho hakina kazi nyingine ila kuegemea bega. Kwenye bulpapu, mitambo yote imesukumwa nyuma, ikaingizwa ndani ya kitako. Triga iko mbele ya magazini. Faida yake ni urefu. X95 ya kiraia ina mtutu wa inchi 16.5, yaani karibu sentimita 42, lakini bunduki nzima haizidi sentimita 67 hivi. Bunduki ya kawaida yenye mtutu kama huo huvuka sentimita 80 bila shida. Kwa mtu anayeingia na kutoka kwenye pikapu siku nzima na kupenya vichakani, hiyo si tofauti ndogo.

Na huenda mmeshaziona bila kujua jina. Ukiwa mwenyeji wa Nanyuki, bunduki fupi ambayo wanajeshi wa Uingereza wamekuwa wakibeba mazoezini ni L85, bulpapu iliyoanza kazi mwaka 1985. Kama ulitazama Die Hard ya 1988, ile bunduki ya ajabu ya yule jambazi mwenye nywele ndefu ni Steyr AUG, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwaka 1977. Ufaransa nao walikuwa na FAMAS hadi walipoamua mwaka 2016 kuiacha na kwenda kwenye HK416 ya muundo wa kawaida. China pia wameanza kuiacha bulpapu yao. Kwa hiyo usidhani huu ni muundo ulioshinda. Ni muundo wenye makubaliano yake: unapata ufupi, unalipa kwa mambo mengine. Ukishaelewa umelipa nini, ndipo utajua ni kifaa gani kina maana.

Kabla sijaendelea, nieleze msimamo wangu. Mimi sina bunduki na sijaomba leseni. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sioni sababu ya mimi kuwa na kitu cha namna hiyo kwenye nyumba ya vyumba viwili. Nilipomtembelea shemeji mwaka 2022 sikuigusa bunduki yake hata kidogo, na si kwa woga: sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda kushika bunduki au risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Mkienda kutembelea jamaa, mlijue hilo. Picha ya kujigamba kwenye simu inaweza kukuponza. Basi mimi nilikaa nyuma ya mstari na laputopu, nikawa mwandishi wa takwimu. Kazi niliyoizoea.

Sasa tuje kwenye reli, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Zamani ukitaka kufunga darubini juu ya bunduki, ulihitaji kishikizo kilichotengenezwa kwa bunduki hiyo na si nyingine. Ni kama enzi zile kila simu ilikuwa na chaja yake (mnakumbuka ile pini nyembamba ya Nokia?). Kampuni ya darubini ya Weaver ikaja na reli yenye mifereji, ikapendwa, lakini nafasi kati ya mfereji na mfereji haikuwa lazima ilingane. Kisha tarehe 3 Februari 1995 jeshi la Marekani likapitisha kiwango kinachoitwa MIL-STD-1913, ambacho watu wote hukiita Picatinny, jina la kituo cha kijeshi huko New Jersey kilikofanyiwa kazi. Kiwango hicho kinasema upana wa mfereji ni milimita 5.23, na kutoka katikati ya mfereji hadi katikati ya mwingine ni milimita 10.01. Basi. Hakisemi unafunga nini, kinasema tu umbo. Mwaka 2009 NATO wakatoa toleo lao, STANAG 4694, lililorekebisha vipimo vichache bila kuvunja vifaa vya zamani.

Huo, ndugu zangu, ni usanifu mzuri wa kiolesura. Mfereji wa Weaver ni mwembamba zaidi, milimita 4.57, kwa hiyo kifaa cha Weaver kwa kawaida huingia kwenye reli ya Picatinny, lakini cha Picatinny si lazima kiingie kwenye Weaver. Yaani kipya kinakubali cha zamani, cha zamani hakilazimiki kukubali kipya. Ningependa baadhi ya watu wanaotoa matoleo mapya ya maktaba za programu wasome habari hii kabla hawajalala.

Kisha kukawa na vita vidogo. Reli za Picatinny kila upande ni nzito na zinakwaruza mkono, hivyo mwaka 2012 ikatoka KeyMod, yenye matundu yanayofanana na tundu la ufunguo, michoro yake ikiwa wazi kwa yeyote. Mwaka 2014 kampuni ya Magpul ikatoa M-LOK, yenye mifereji mirefu, ambayo lazima uombe leseni ingawa haina malipo. Mtu wa programu huria kama mimi angeombea KeyMod ishinde. Haikushinda. Majaribio yaliyofanywa kwa ajili ya kikosi maalum cha Marekani, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2017, yalionyesha M-LOK inastahimili mizigo na inarudi mahali pake vizuri zaidi kifaa kikitolewa na kurudishwa, na soko likahamia huko. Uwazi wa michoro haukuisaidia KeyMod, na nakiri iliniuma kidogo.

Kwa X95 jambo hili ni rahisi: juu kuna reli ndefu ya Picatinny, na mbele chini ya vifuniko vya plastiki kuna reli fupi tatu, kushoto, kulia na chini. Vifuniko hivyo vinatoka. Na hapo ndipo shemeji alipoanza kupotea. Alivitoa vyote, akaona reli zinang'aa, akahisi lazima azijaze. Mimi naona kinyume. Tundu la USB lililo wazi nyuma ya tarakilishi halikulii, halikuombi chakula. Rudisha vifuniko, mikono yako itakushukuru.

Katika vile vinne ninavyovikubali, cha kwanza ni kitu cha kulengea. Hapa ndipo pesa iende, na hapa ndipo bulpapu inapodai hesabu.

Kwa kuwa kitako cha bulpapu kiko mstari mmoja na mtutu, jicho linakaa juu sana ya mtutu. Kwa namna shemeji alivyofunga, kuna sentimita 6.5 kati ya mstari wa macho na katikati ya mtutu. Niliandika programu ndogo ya Python, mistari kama thelathini, kuona maana yake. Ukilinganisha kifaa chako mita 50, basi mita 5 mbele yako risasi itapiga karibu sentimita 6 chini ya unapolenga. Si kwamba risasi imeanguka, ni kwamba bado haijapanda kukutana na mstari wa macho. Mita 10, bado iko chini kwa sentimita 5. Kisha kwenye mita 100, kwa risasi ya kawaida ya .223, inakuwa juu kwa sentimita 2 au 3 tu, na baadaye inaanza kushuka tena. Kwa nguruwe aliye mita 80 hiyo haina shida. Kwa nguruwe aliyejeruhiwa akiwa hatua nne mbele yako, sentimita 6 ni tofauti kati ya kummaliza mnyama na kumtesa. Shemeji alikuwa hajui jambo hili, na muuzaji wake hakumwambia.

Nukta nyekundu au darubini ya kukuza? Kwa nguruwe na michezo ya wikendi ya umbali mfupi, nasema nukta nyekundu. Pembe moja ya dakika, wanayoiita MOA, ni milimita 29 kwenye mita 100. Nukta ya MOA 2 basi inafunika duara la sentimita 6 hivi kwa umbali huo, na hiyo inatosha kabisa kwa sehemu ya moyo na mapafu. Aimpoint Micro T-2, kwa mfano, ina uzito wa gramu 84 bila kishikizo, na mtengenezaji anasema betri yake hudumu saa 50,000. Betri gani? CR2032! Ile ile iliyolala kwenye ubao mama wa tarakilishi yako ikitunza saa. Nilipoiona nilicheka peke yangu.

Darubini ya kukuza kwenye bulpapu ina tatizo lake. Inahitaji jicho liwe umbali maalum nyuma ya kioo, mara nyingi kati ya sentimita 9 na 10. Kichwa cha mpigaji wa bulpapu kiko nyuma sana, juu ya chemba, kwa hiyo lazima reli ifike nyuma vya kutosha. X95 inafika. AUG A3 M1 huuzwa na reli za urefu tofauti, na aliyenunua fupi akitaka darubini ndefu atajuta. Vile vishikizo vinavyosogeza darubini mbele, ambavyo vimeundwa kwa bunduki za kawaida, hapa wakati mwingine hugeuzwa nyuma mbele. Nenda dukani na bunduki ikiwa tupu, shika mkao wako wa kawaida ukiwa umefumba macho, fungua, uone kama picha imejaa. Usinunue kwa kutazama video.

Na kishikizo, jamani. Shemeji alikuwa na nukta nzuri juu ya kishikizo cha bei ya chini alichoagiza mtandaoni (kampuni sitaitaja). Siku ile uwanjani mashimo yake yalikuwa yanatangatanga, mara kushoto, mara juu. Yeye anazungusha skrubu za marekebisho, tiki tiki tiki, mimi naandika namba. Kwenye karatasi yangu ilionekana wazi: kila alipolisahihisha kosa, lilihama kwenda kwingine. Kosa la kudumu huwa na mwelekeo. Hili halikuwa nao, kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kinacheza. Nikamwomba apige mstari wa rangi nyeupe kati ya kishikizo na reli, apige risasi ishirini zaidi. Mstari ulikatika. Kishikizo kilikuwa kinateleza kwenye mfereji, na yeye alikuwa amechoma risasi za dola nyingi akirekebisha kitu kisicho na hitilafu. Nani kati yetu hajawahi kumwona mtu akibadilisha msimbo siku nzima kumbe waya wa mtandao umelegea?

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika kumi ukiwa na subira. Hakikisha bunduki ni tupu, magazini imetolewa, chemba umeiangalia kwa macho na kwa kidole, risasi ziko chumba kingine. Safisha reli na skrubu, toa mafuta. Weka kishikizo kwenye mfereji, kisukume mbele kuelekea mdomo wa mtutu hadi kigonge ukingo wa mfereji, kisha ndipo ukaze. Ni kwa sababu bunduki ikipiga teke inarudi nyuma na kishikizo kinataka kubaki kilipo, kwa hiyo kama kuna nafasi mbele yake, kitaitumia. Tumia spana inayopima nguvu ya kukaza, na ufuate namba iliyo kwenye karatasi ya mtengenezaji, si nguvu za mkono wako. Gundi ya nyuzi ya rangi ya buluu, tone moja, pale tu mtengenezaji anaporuhusu. Mwishowe mstari wa rangi. Mstari huo ndio kumbukumbu yako: ukikatika, kuna kilichobadilika.

Cha pili, mkanda. Sina mengi. Mkanda wa pointi mbili, upana wa kutosha, X95 tayari ina matundu ya kuuchomeka pande zote. Bunduki fupi hukaa vizuri kifuani na mikono inabaki huru kufungua lango la shamba. Endelea.

Cha tatu ni kizuizi cha mkono, na hiki shemeji hakikuwemo kwenye orodha yake kabisa! Alikuwa ameandika mshikio wa wima, ule kama mpini wa jembe, aufunge mbele kabisa. Angalia X95: kutoka mwisho wa sehemu ya kushikia hadi mdomo wa mtutu ni pafupi mno. Kwenye bunduki ndefu mkono ukiteleza mbele unakutana na mtutu wa moto, unaungua, unapiga kelele, basi. Kwenye bulpapu mkono ukiteleza unaweza kufika mbele ya mdomo. Kidole hakina nakala ya akiba. Kizuizi kidogo cha plastiki chini ya reli ya mbele, kinachouzwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, kinauambia mkono "hapa ndio mwisho". Nikilazimika kuchagua kimoja tu kati ya vyote, huenda ningechagua hiki kabla ya nukta yenyewe.

Cha nne ni tochi, kwa sababu nguruwe hutoka usiku na sheria za Texas zinaruhusu kuwawinda usiku kwenye ardhi ya mtu binafsi. Tochi inafungwa mbele kadiri inavyowezekana ili mtutu usitie kivuli, lakini nyuma ya mdomo wa mtutu ili isilambe moshi. Na kuna zawadi ndogo hapa: bulpapu ni nzito nyuma, X95 tupu ina karibu kilo 3.6 na nyingi ya hizo ziko karibu na bega, kwa hiyo uzito kidogo mbele haumchoshi mtu kama kwenye bunduki ndefu. Ila tochi ya bunduki si ya kutafutia njia ya choo. Popote inapomulika, mtutu unaelekea huko huko. Chukua nyingine ya mfukoni.

Sasa vilivyofutwa. Vingi si vya kujadili (kopo la kushikia magazini mbili pamoja, miwani ya kukuza nyuma ya nukta, leza ya kijani), lakini vitatu vinastahili maneno.

Triga. Kwa kuwa triga iko mbele na mitambo iko nyuma, kuna chuma kirefu kinachosafirisha mvuto wa kidole hadi kwenye kitako. Huo ni ucheleweshaji wa mtandao kabisa: kila kiungo kinaongeza msuguano. Tavor SAR ya mwaka 2013 ilijulikana kwa triga nzito, na kampuni kama Geissele na Timney zikapata soko la kuuza mbadala. X95, iliyoingia soko la Marekani mwaka 2016, ilikuja na triga bora zaidi tangu kiwandani. Shemeji alitaka kutumia dola mia kadhaa kubadilisha kitu ambacho bado hajakipigia risasi mia tano. Mnanijua: usiboreshe usichopima. Apige risasi elfu moja, atunze karatasi zake za shabaha, kisha tuone kama tatizo ni triga au ni kidole. Na akiamua kubadilisha, ampelekee fundi mwenye leseni.

Breki ya mdomo wa mtutu. Kifaa hiki kinaelekeza gesi pembeni ili teke lipungue. Lakini teke la .223 tayari ni dogo, na mdomo wa bulpapu uko karibu na uso wako kuliko wa bunduki ndefu, kwa hiyo unabadilisha teke usilolihisi kwa kishindo utakachokihisi kwenye meno. Watu wa kulia na kushoto kwako uwanjani watakuchukia, na watakuwa na haki.

Kizuia sauti ni kinyume chake, na kwa masikio ni kizuri. Tatizo ni kwamba kinarudisha gesi nyuma, na kwenye bulpapu nyuma ndipo shavu lako lilipo. Machozi yanatoka. Tena lazima kisajiliwe chini ya sheria ya mwaka 1934. Ile kodi ya dola 200 iliondolewa kwa vizuia sauti kuanzia Januari 2026, lakini usajili umebaki pale pale, na watu wengi wamesikia nusu ya kwanza tu ya habari hiyo.

Na tukiwa kwenye sheria: kwa bulpapu, bisibisi inaweza kukufanya mhalifu bila wewe kujua. Sheria ya shirikisho inataka bunduki ndefu iwe na mtutu usiopungua inchi 16 na urefu mzima usiopungua inchi 26. X95 imezidi inchi 26 kwa kidogo tu. Ukibadilisha kifaa cha mdomoni au mpira wa kitakoni bila kupima, unaweza kushuka chini ya mstari na kuwa na bunduki fupi isiyosajiliwa, kosa linaloweza kukufunga miaka kumi. Ukihamia California, huko bunduki ya namna hii inayojipakia yenyewe lazima ifike inchi 30, na bulpapu yako ya inchi 26 haikubaliki hata bila kifaa chochote. Kisha kuna kifungu kinachoitwa 922(r): kuna orodha ya sehemu ishirini, na bunduki ya aina hii iliyounganishwa Marekani haitakiwi kuwa na zaidi ya kumi zilizotoka nje. Triga imo, mshikio umo, kifaa cha mdomoni kimo, hata sehemu za magazini. X95 huunganishwa Pennsylvania ikiwa na sehemu za Marekani za kutosha kutimiza hesabu. Ukichomoa ya Marekani ukaweka ya nje kwa sababu ni rahisi, umevunja hesabu. Huo ni utegemezi wa matoleo, na hakuna programu itakayokuonyesha maandishi mekundu. Andika orodha yako mwenyewe na uitunze.

Kwa wale mtakaoniuliza: hapana, usimwambie jamaa yako akuletee darubini ya bunduki kwenye begi akija Desemba. Darubini hizo ziko kwenye orodha ya bidhaa ambazo Wizara ya Biashara ya Marekani inadhibiti kutoka kwake, na JKIA nako watataka kujua ni ya kufungwa juu ya nini.

Neno moja kwa wanaotumia mkono wa kushoto, maana dada yangu ni mmoja wao na ndiye aliyeuliza swali bora kuliko yote. Bunduki ya kawaida hutupa maganda ya risasi kulia, mbali na uso. Kwenye bulpapu tundu hilo liko karibu na shavu, kwa hiyo ukihamisha bunduki bega la kushoto, ganda la moto linakuja usoni. L85 haipigwi kabisa kutoka bega la kushoto. Tavor na AUG zinaweza kubadilishwa zitupe upande wa pili kwa kubadilisha sehemu ndani, ila AUG ya kitako kinachopokea magazini za NATO hairuhusu hilo. Kel-Tec RDB hutupa maganda chini, na FN F2000 ya mwaka 2001 ilikuwa inayasukuma mbele karibu na mdomo wa mtutu, wazo la kijanja sana. Kama nyumbani mko wawili wa mikono tofauti, pesa za kifaa cha kwanza ziende kwenye swali hilo, hata kama maana yake ni kununua bunduki nyingine.

Shemeji amekubali vitatu. Nukta kaibakiza ile ile, kishikizo kanunua kipya, kizuizi cha mkono kimefungwa, na mstari mweupe haujakatika mpaka sasa. Tochi amenunua kubwa kuliko nilivyosema. Kinachobaki ni miguu miwili ya kuegemezea, ambayo anang'ang'ania kwa sababu "kila mtu uwanjani anayo". Nimemwambia sehemu ya mbele ni fupi mno, miguu itakaa karibu na magazini na bunduki itayumba kama meza ya kibanda, na kwamba kwa nguruwe usiku atalala chini lini? Amenijibu kwa picha ya begi la duka, halijafunguliwa. Mwenye uzoefu wa miguu hiyo kwenye bulpapu aniandikie hapo chini, nimpelekee hoja kabla hajakata ule mfuko na kupoteza haki ya kuirudisha.